Kupinda kona kwa basi refu: mwongozo kamili kwa madereva wa Unguja na Pemba

Dereva aliyetoka kwenye Noah au Coaster akakabidhiwa basi la mita 12 huikosea kona kabla hajakosea jambo jengine lolote. Anaingia kama alivyozoea, pua inapita vizuri, anashusha pumzi, halafu anasikia kishindo nyuma. Tairi ya ndani imepanda ukingo wa mtaro, au ubavu umekwaruza ukuta wa mawe, au mkia umempiga mtu aliyesimama upande wa pili kabisa, ambako dereva hakuwa akiangalia. Makosa yote matatu yana asili moja: dereva ameendesha pua, na kona ya basi refu huamuliwa na tairi za nyuma.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mabasi ya watalii ya mita 9 hadi 12. Hesabu zake zinafaa pia kwa lori refu lisilo na trela, na kwa gari-nyumba, yaani zile gari kubwa zenye vitanda na jiko ndani ambazo wageni husafiria. Gari-nyumba nyingi hujengwa juu ya chesisi ya lori au basi, kisha mwili ukarefushwa nyuma ya ekseli, kwa hivyo anayeendesha gari ya namna hiyo asome habari za mkia mara mbili. Na ikiwa usukani wake uko kushoto, ajue kwamba kwetu tunapita kushoto: atakuwa amekaa upande wa mtaro, na kila akipinda kulia au kupita gari nyengine atahitaji mtu wa kumuangalizia upande wa pili.

Ipime gari kabla ya kuiendesha

Chukua tepu ya kupimia na chaki, gari ikiwa imesimama mahali tambarare. Pima vitu vitano: urefu kutoka katikati ya tairi ya mbele hadi katikati ya tairi ya nyuma, mkia, yaani kutoka katikati ya tairi ya nyuma hadi mwisho wa bampa, pua, kutoka katikati ya tairi ya mbele hadi bampa ya mbele, upana pamoja na vioo, na kimo pamoja na keria na kiyoyozi cha juu. Viandike kwenye karatasi, uibandike kwenye dashibodi. Dereva anayekisia kimo cha basi lake chini ya matawi anabahatisha na mali ya watu.

Coaster ndefu ina karibu mita 7 kwa jumla, mita 3.9 kutoka ekseli hadi ekseli, na mkia usiofika mita 2. Basi la mita 12 kwa kawaida huwa na mita 6 baina ya ekseli, mkia wa mita 3.3 hivi, pua ya mita 2.7, na upana wa mita 2.5 bila vioo. Basi lako likitofautiana na hayo, tumia vipimo vyako. Mifano yote inayofuata imehesabiwa kwa basi hili.

Kuna mambo matatu yanayotokea kila unapokata usukani, na yote hutokea kwa wakati mmoja.

La kwanza ni kukatia ndani. Tairi za nyuma hazipindi. Zinavutwa tu, na kinachovutwa hupita njia ya mkato. Tairi ya mbele ya nje ikizunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 10.5, tairi ya nyuma ya Noah huingia ndani kiasi cha sentimita 40. Kwenye duara hilo hilo tairi ya nyuma ya basi letu huingia ndani karibu mita 1.9. Tofauti ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia kwa sababu kukatia ndani hakuongezeki sawasawa na urefu: urefu baina ya ekseli ukizidi mara mbili, kukatia ndani huzidi kama mara nne. Ndiyo maana uzoefu wa Noah haukusaidii, na uzoefu wa Coaster unakusaidia nusu tu.

La pili ni mkia kupiga nje. Sehemu yote iliyo nyuma ya tairi za nyuma huenda kinyume na unakopinda. Ukipinda kulia, mkia unakwenda kushoto. Kwa mkia wa mita 3.3, usukani ukiwa umekatwa wote, pembe ya nyuma hutoka nje kiasi cha sentimita 60 kutoka pale ubavu ulipokuwa. Ukikata usukani kidogo, kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 15 kwenye tairi za nyuma, hutoka sentimita 35 tu. Coaster hutoa kiasi cha sentimita 30 hata usukani ukiisha, na ndiyo maana madereva wake hawaujui mkia mpaka siku wanapopewa basi.

La tatu ni pua kufagia. Katika basi kubwa wewe umekaa mbele ya tairi za mbele, karibu mita 2. Tairi ya nje ikiwa kwenye duara la mita 10.5, pembe ya bampa iko kwenye duara la mita 12.3. Maana yake ni kwamba tairi inaweza kuwa bado juu ya lami na pua ikawa imening'inia mita 1.8 nje yake, juu ya vichwa vya watoto wa skuli wanaopita pembeni.

Vioo

Kaa kwenye kiti kama unavyoendesha, mgongo umeegemea, kisha msaidizi arekebishe vioo kwa maelekezo yako. Kioo bapa kionyeshe ukanda mwembamba wa ubavu wa basi, usiozidi sehemu moja kwa kumi ya kioo, na usawa wa upeo uwe katikati. Kioo kilichobinuka kionyeshe tairi ya nyuma inapogusa chini. Hili la pili ndilo la kona. Usipoiona tairi ya nyuma ikigusa ardhi, huna kioo cha kupindia, hata kama unaona gari zote za nyuma hadi Bububu.

Msaidizi azunguke basi taratibu, na wewe useme kila anapopotea machoni. Sehemu anazopotea zitie alama ya chaki, ushuke uzitazame. Mbele chini ya kioo kikubwa na pembeni mwa mlango ndiko mtoto au mtu wa baskeli anakofichika. Kamera ya nyuma ni msaada mzuri wa kurudi nyuma, ila haikuonyeshi mkia unapopiga nje kwa pembeni.

Kona ya kushoto

Hii ndiyo ngumu, kwa sababu tunapita kushoto na kona ya kushoto ndiyo fupi. Hapa ndipo panapoharibika mambo mengi, basi tuiendee pole pole.

1. Kiasi cha mita 50 kabla, washa indiketa, tazama vioo vyote viwili, anza kupunguza mwendo. Gia iwe imeshashushwa kabla ya kona. Usishike gia ukiwa katikati ya kupinda, maana mkono mmoja hautoshi kwa usukani.

2. Jiweke mita 1.5 kutoka ukingo wa kushoto, ubavu ukiwa sambamba na njia. Mita moja ni finyu mno kwa pembe kali. Mita mbili na zaidi zinampa mwenye Vespa au bodaboda mwaliko wa kuingia baina yako na ukingo, na akishaingia huwezi tena kumuona wala kumkwepa. Kosa baya kuliko yote hapa ni kutupa pua kulia ghafla ili upate nafasi ya kupinda kushoto: wa nyuma wanadhani unakwenda kulia, wanakupita kushoto.

3. Ingia ndani zaidi ya unavyotamani. Kwa pembe kali, kama ya ukuta wa nyumba, ekseli ya mbele ipite pembe kwa mita 2.5 hivi kabla hujakata usukani wote. Kwa kuwa wewe uko mbele ya ekseli, kiti chako kitakuwa kimeipita pembe kwa mita 4 na zaidi. Macho yatakuambia umechelewa, kwamba unakwenda kugonga upande wa pili. Usiyasikilize, tazama kioo cha kushoto. Pembe iliyozungushwa na ukingo mpana inasamehe, unaweza kuanza mapema kidogo.

4. Kata usukani gari ikiwa inatembea, kilomita 5 hadi 8 kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea haraka. Kuzungusha usukani gari imesimama kunachosha mfumo wa usukani na kula tairi.

5. Macho: kioo cha kushoto uione tairi ya nyuma na pembe, kioo cha kulia uone mkia, mbele uone pua. Zungusha hivyo mpaka basi linyooke. Dereva anayekazia macho kioo cha ndani peke yake ndiye anayegonga kwa mkia.

6. Tairi ya nyuma ikishaipita pembe, rudisha usukani taratibu. Ukiurudisha mapema, mwili wa kati unalala kwenye pembe.

Sasa hesabu ya upande wa pili wa kona, ambayo wengi hawaifanyi. Ukifuata hatua hizo kwenye pembe kali, tairi ya nyuma inaipita pembe kwa nafasi ya sentimita 30 hivi, na tairi ya mbele ya nje inafika mita 7 kutoka ukingo wa kushoto wa njia unayoingia. Njia nyingi za lami za shamba hazizidi mita 6 au 7 kwa upana wote. Kwa hivyo basi la mita 12 linapopinda kushoto kuingia njia ya aina hiyo linakula njia nzima, pande zote mbili, na pua inapita juu ya majani ya ng'ambo. Hakuna ufundi wa kuliondoa hilo. Dawa yake ni kusubiri mpaka njia unayoingia iwe tupu. Ikiwa kuna gari imesimama mdomoni mwa njia hiyo ikingoja kutoka, mpishe atoke kwanza, hata kama haki ya kupita ni yako. Na ikiwa ng'ambo kuna ukuta au nguzo ya umeme ndani ya mita 9 kutoka ukingo wa kushoto, basi hilo haliingii hapo kwa mara moja; tafuta njia nyengine.

Ukiona kwenye kioo kwamba tairi ya nyuma inakwenda kupanda, simama. Usijiambie kwamba imebakia kidogo. Nyoosha usukani, songa mbele ikiwa kuna nafasi ili mkia utoke kwenye pembe, kisha kata tena. Ikiwa mbele hakuna nafasi, utingo ashuke asimamishe gari za nyuma, urudi mita mbili tatu.

Kona ya kulia

Ndani kuna nafasi zaidi, ila hatari imehamia kwengine: gari zinazokuja mbele, na mkia unaotoka kushoto.

Jiweke karibu na mstari wa kati, usiuvuke. Unapongoja, tairi za mbele zibakie zimenyooka. Dereva anayengoja akiwa ameshakata usukani kulia, akigongwa nyuma, anasukumwa mbele ya gari zinazokuja. Pita katikati ya makutano kabla ya kukata, la sivyo tairi ya nyuma ya kulia itaikata pembe na kumkuta aliyesimama kwenye mstari wa njia unayoingia.

Kuhusu muda: basi la mita 12 lililosimama huhitaji kiasi cha sekunde 9 kuondoka na kumaliza kuvuka, mkia pamoja. Gari inayokuja kwa kilomita 50 kwa saa hukata mita 125 katika sekunde hizo. Kwa kilomita 80 hukata mita 200. Kama huoni umbali huo wazi, kaa. Makutano ya Mahonda na Kinyasini, ambako gari za Nungwi na za Kiwengwa hupita kwa kasi, yanataka subira ya namna hii, na abiria wakinung'unika waache wanung'unike.

Kabla ya kukata kulia, tazama kioo cha kushoto. Pale unapongoja katikati, pikipiki na baskeli hujipanga kushoto kwako wakisubiri kupita moja kwa moja. Mkia wako utawafuata sentimita 60.

Kipilefti

Kwenye kipilefti cha Michenzani, basi linapinda mara tatu: kushoto kuingia, kulia kuzunguka, kushoto kutoka. Kwa hivyo upande wa ndani unabadilika, na kioo cha kutazama kinabadilika nao. Ukiingia, wape nafasi waliomo, wanaotoka kulia kwako, na utazame tairi ya nyuma ya kushoto isipande ukingo. Ukizunguka, tairi ya nyuma ya kulia inakimbilia kisiwa cha kati, na mkia unatoka kushoto kuelekea kwa gari za abiria zinazojipenyeza. Ukitoka, washa indiketa ya kushoto baada ya kupita njia iliyo kabla ya yako, na kitu cha kwanza cha kuangalia ni watu wanaovuka miguu kwenye mdomo wa njia unayotokea. Usigombee nafasi na gari ndogo ubavuni. Basi moja linachukua njia zote mbili za mzunguko. Chukua nafasi yako waziwazi na polepole, wenye gari ndogo watakuelewa.

Kutoka kituoni

Watu wengi wanadhani kutoka kituoni si kona. Ni kona ya kulia, tena iliyo karibu na watu kuliko zote. Abiria wameshuka, wamesimama nyuma ya mlango wakipanga mizigo, mwengine anamsubiri mwenzake. Dereva anataka kuingia njiani haraka, anakata usukani wote, na pembe ya nyuma ya kushoto inakuja kwao sentimita 60 bila sauti.

Funga mlango. Utingo atazame nyuma kutoka dirishani, aseme neno moja mlilokubaliana. Songa mbele ukiwa umenyooka mita 2 au 3 kama kuna nafasi, halafu kata usukani kidogo tu, robo ya ulivyozoea, na uongeze kadiri basi linavyoacha ukingo. Kwa njia hiyo mkia hutoka sentimita chache. Unaposimama kituoni, acha mwanya wa mbele wa kutokea; ukigusa bampa ya gari iliyo mbele yako umejilazimisha kukata usukani wote. Nje ya skuli wakati wa kutoka, na barabarani jioni ya Ramadhani watu wakikimbilia futari, ni bora usubiri dakika moja kuliko kukata kati ya umati.

Mjini na Mji Mkongwe

Vichochoro vya Mji Mkongwe havikujengwa kwa ajili ya gari, na kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa zina mabaraza yanayotokeza nje kwa kimo cha tairi, ambayo hutayaona kwenye kioo bapa. Mji ule ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Basi libakie kwenye njia kubwa za nje, wageni watembee. Anayekuomba umfikishe mlangoni mwa hoteli hajui anachokuomba. Muelezee kwa heshima na umpe utingo wa kumbebea begi.

Darajani na sehemu nyengine za soko, tatizo ni vitu vinavyotokea baada ya wewe kuanza kupinda: hamali na mkokoteni, gari ya ng'ombe, mtu wa baskeli aliyebeba madafu. Kanuni ni kwamba kitu chochote kikiingia ndani ya kona, basi lisimame kabisa. Usijaribu kumkwepa kwa kubadilisha usukani katikati, maana ukimkwepa kwa pua unamkabidhi kwa tairi za nyuma.

Kona za Pemba na njia zenye vilima

Baina ya Mkoani, Chake na Wete njia hupanda na kushuka, na kona huja mwisho wa mteremko au juu ya kilima ambako huoni mbele. Hapa hukati usukani wote, lakini kukatia ndani kupo, na njia ni nyembamba kiasi cha kukufanya uhesabu.

Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 30, tairi za nyuma za basi letu huingia ndani sentimita 60. Nusu yako ya njia ikiwa na mita 3.25 na basi lina mita 2.5, umebakiwa na sentimita 75 tu. Kona imekula karibu zote. Kwa hivyo kwenye kona ya kushoto peleka pua karibu na mstari wa kati, bila kuuvuka, ili tairi ya nyuma ibakie juu ya lami. Kwenye kona ya kulia bana kushoto, la sivyo tairi ya nyuma ya kulia itavuka mstari huku wewe ukidhani uko upande wako, na basi linalokuja litakuta ubavu wako.

Wakati wa mavuno ya karafuu kuna jambo jengine. Watu huanika karafuu kwenye majamvi pembeni mwa njia, na wanaozigeuza wameinama, migongo kwa gari. Pembezoni hapo pana mali ya mwaka mzima ya familia, tena pana watu. Usipange kona yako kwa kuhesabu majani ya pembeni kama sehemu ya barabara. Piga honi mapema, ya kuarifu, na upunguze mwendo kabla hujawafikia.

Mwendo nao una hesabu yake. Nguvu inayowasukuma abiria nje ya kona hukua kwa mraba: kona ya mita 30 kwa kilomita 20 kwa saa hakuna anayeshika kiti, kwa 30 waliosimama wanayumba, kwa 40 nguvu imekuwa mara nne ya ile ya 20, na basi lenye mizigo juu ya keria linaanza kulala. Punguza mwendo kabla ya kona, njia ikiwa bado imenyooka, kisha pita kona kwa mguu mwepesi kwenye mafuta. Breki ya nguvu ndani ya kona, hasa mvua za mwanzo za masika au vuli zinapoichanganya vumbi na mafuta yaliyomwagika, inazifanya tairi za mbele ziache kusikia usukani.

Kwenye mteremko ingia gia ya chini ukiwa bado juu. Kushuka na fri, yaani bila gia, ili kuokoa dizeli ni mchezo wa kufa: injini haikuzuii tena, breki za upepo zinakula hewa kila unapokanyaga, na mwisho wa mteremko ndipo kona ilipo. Sanduku na begi nzito ziwe chini kwenye buti, juu ya keria viende vyepesi, vifungwe.

Na matawi. Njia ya lami hulala kidogo upande ili maji yatoke, na basi linapobana kushoto juu yake hujilaza, kichwa kikaenda sentimita kadhaa zaidi ya tairi. Chini ya miembe ya Bikhole, au mahali popote miti imeinamia njia, pima kwa pembe ya juu ya kushoto, usipime kwa kioo.

Mchanga na milango ya hoteli

Kutoka makutano ya Paje, njia ya Jambiani na ya Bwejuu zina lami, ila vijia vya kwenda hotelini mara nyingi ni mchanga au jiwe. Kwenye mchanga, tairi za mbele zilizokatwa zote hufanya kazi ya jembe: zinasukuma mchanga mbele yake mpaka basi linakwama, na ukiongeza mafuta tairi za nyuma zinachimba. Pinda kwa duara pana, mwendo mmoja usiokatika, usukani nusu. Kama duara pana halipo, shusha wageni barabarani.

Mlango wa geti una tatizo la peke yake. Geti la mita 4 linatosha basi lililonyooka, lakini halitoshi basi linalopinda, maana basi likiwa limekaa mshazari upana wake wa kweli huzidi mita 2.5 kwa mbali. Lazima basi liwe limenyooka kabla pua haijaingia. Kama njia ya nje ni nyembamba kiasi kwamba huwezi kunyooka, usiingie.

Kurudi nyuma

Ukirudi nyuma mambo yanageuka: sasa mkia unaongoza na pua ndiyo inayofagia nje. Utingo asimame upande wa dereva, nyuma kidogo, mahali unapomuona kwenye kioo muda wote. Ukimpoteza machoni, simama hapo hapo. Kubalianeni maneno kabla: "njoo", "kata kulia", "kata kushoto", "nyoosha", "simama", na neno la kusimama liwe moja tu, analolitumia yeye peke yake. Wapita njia watajitokeza kusaidia, kila mmoja na ishara zake. Washukuru na umsikilize utingo wako. Usirudi nyuma kuingia njia kubwa.

Mazoezi ya asubuhi moja

Tafuta uwanja mtupu wa sakafu au lami, ndoo nane, chaki, na chupa mbili za maji. Mwaga maji mahali pamoja, pitisha basi juu yake, kisha pinda ukiwa umekata usukani wote. Tairi zitaacha nyayo mbili za maji, ya mbele na ya nyuma. Pima baina yake kwa tepu. Hiyo ndiyo namba yako ya kukatia ndani, na haitakutoka kichwani kwa sababu umeiona. Kisha toboa kifuniko cha chupa ya pili, uifunge kwenye pembe ya nyuma ya basi ikiwa imepinduliwa. Simama sambamba na mstari wa chaki uliopita usawa wa ubavu, kata usukani wote, songa. Matone yatachora njia ya mkia nje ya mstari.

Halafu panga ndoo kama pembe ya kona, na upinde kushoto mara kumi, ukianza kwa kuingia mapema na kuchelewa kidogo kila mara. Mtu akiwa nje, akuonyeshe ekseli ya mbele ilikuwa wapi kila tairi ya nyuma ilipopita bila kugusa. Tafuta kitu ndani ya basi, nguzo ya dirisha au mlango, kinacholingana na pembe wakati huo. Hiyo ndiyo alama yako ya kupindia kwa basi hilo. Ukibadilishiwa basi, rudia.

Ukishapanda ukingo

Ikitokea tairi ya nyuma imepanda mtaro au jiwe, simama mahali salama pa kwanza, usingoje mwisho wa safari. Tazama ubavu wa tairi ya nje na ya ndani, maana za nyuma ni mbili mbili na ya ndani haionekani bila kuinama na tochi. Mawe ya matumbawe yana makali. Hukata ubavu bila kutoa upepo papo hapo. Tia mkono baina ya tairi mbili uone kama jiwe limekwama humo, likikwama litazila zote mbili. Tazama rimu, nati, na paipu za breki zilizo karibu na ekseli. Ukiona uvimbe ubavuni, hata kama ni wa ukubwa wa yai, au nyuzi zimeonekana, tairi hiyo isitembee tena na abiria: funga spea hapo hapo.